Walioondolewa Orodhani: Wasioamini katika Historia ya Alcoholics Anonymous

Vikundi vya kusaidiana, yaani mikusanyiko ya watu wenye tatizo moja la akili, la hisia au la uraibu wanaokutana bila daktari wala mshauri wa kulipwa, vimekuwa na mvutano na dini tangu vilipoanza kuonekana katika miji ya Marekani karne ya 19. Mvutano huo haukuwa wa upande mmoja. Kuna vikundi vilivyoshambuliwa kwa sababu havikumtaja Mungu vya kutosha, na kuna wanachama walioonyeshwa mlango kwa sababu hawakukubali kumtaja. Lakini katika hali zote mbili lililobishaniwa ni nani mwenye mamlaka ya kusema kwamba njia fulani ya kupata nafuu ni halali na nyingine si halali. Jumuiya iliyoishi na ubishi huo kwa muda mrefu, na kuacha kumbukumbu nyingi za maandishi juu yake, ni Alcoholics Anonymous, jumuiya ya walevi wanaoacha pombe bila kutangazana majina, ambayo kwa kifupi huitwa AA. Historia yake inastahili kuangaliwa kwa makini kwa sababu ni chombo kilichojinyima kwa makusudi uwezo wa kumfukuza mtu yeyote, kisha baada ya miongo kadhaa kikajikuta kinafukuza kwa njia ambayo waasisi wake hawakuiwekea ulinzi.

Karibu miaka 100 kabla ya AA, mnamo Aprili 1840, wanywaji sita wa Baltimore waliwekeana ahadi ya kuacha pombe na kuunda chama walichokipa jina la George Washington. Mikutano yao haikuwa na mahubiri. Watu walisimama mmoja mmoja wakaeleza walivyokuwa na walivyobadilika, na chama kikaenea kwa kasi kiasi kwamba Abraham Lincoln, akiwa bado wakili wa Springfield, alikihutubia tarehe 22 Februari 1842. Baadhi ya makasisi hawakupendezwa, kwa kuwa waliona ni kufuru kudai kwamba mlevi anaweza kuokolewa na walevi wenzake bila toba na bila kanisa. Chama kiliporomoka kabla ya miaka kumi kupita, na ingawa lawama za makasisi zilichangia, siasa za kupiga marufuku pombe ndizo zilizokivuruga zaidi.

AA yenyewe ilizaliwa upande wa pili kabisa, ndani ya vuguvugu la Kikristo. Vuguvugu hilo, Oxford Group, liliasisiwa mwaka 1921 na Frank Buchman, mchungaji wa Kilutheri kutoka Pennsylvania, na wafuasi wake walikutana sebuleni mwa watu, wakaungama dhambi zao mbele ya wenzao, wakawarudia waliowadhulumu ili kulipa fidia, na asubuhi wakakaa kimya na kalamu mkononi wakingoja mwongozo wa Mungu. Walijipima kwa vigezo vinne walivyotaka viwe kamili bila kasoro: unyofu, usafi wa maisha, kutojipendelea na upendo. Mwaka 1938 Buchman alilibadilisha jina likawa Moral Re-Armament, na kwa jina hilo jipya lilifika hata Afrika Mashariki, kwani mwanzoni mwa miaka ya 1950 wafuasi wake walishiriki katika kazi ya kuwageuza nia watu waliozuiliwa katika kambi ya Athi River, Kenya, wakati wa vita vya Mau Mau. Kuungama, ambako katika sebule za New York kulikuwa hiari ya mtu mzima aliyechoshwa na maisha yake, nyuma ya seng'enge za Athi River kulikuwa jambo jingine kabisa.

Bill Wilson, mchambuzi wa hisa wa Wall Street aliyefilisiwa na ulevi, aliijua Oxford Group mwezi Novemba 1934 kupitia Ebby Thacher, rafiki yake wa zamani wa kunywa naye, ambaye alimjia Brooklyn akiwa hanywi tena na alipoona mwenzake anakunja uso kwa kutajiwa dini akamshauri ajichagulie mwenyewe namna ya kumfikiria Mungu. Mwezi uliofuata Wilson alilazwa katika hospitali ya Towns huko Manhattan, na akiwa pale aliona mwanga mkali na kuhisi amefikiwa na nguvu isiyo ya dunia hii. Daktari wake, William Silkworth, alimhakikishia kwamba hajawa kichaa, naye akapata ufafanuzi wa yaliyomtokea katika kitabu cha William James cha mwaka 1902 kuhusu aina za uzoefu wa kidini. Tiba ya hospitali hiyo ilitumia beladona, dawa ya mmea inayoweza kumfanya mtu aone yasiyokuwepo, jambo ambalo wakosoaji wa AA hawajachoka kulikumbusha. Kwa mwanahistoria swali la chanzo cha mwanga ule si la lazima. Lililo na uzito ni kwamba mtu aliyeandika hatua za kupata nafuu alikuwa amepona kwa namna ya ghafla na ya kidini, na kwamba muda mrefu alidhani wengine nao wangepona vivyo hivyo.

Mei 1935, akiwa Akron, Ohio, kwa shughuli ya biashara iliyomharibikia, Wilson alikutanishwa na daktari mpasuaji Robert Smith, naye akiwa mlevi, na wawili hao ndio wanaohesabiwa kuwa waasisi wa AA. Tangu mwanzo makundi mawili yaliyowazunguka hayakufanana. Lile la New York lilijitenga na Oxford Group mwaka 1937, wakati la Akron liliendelea kukutana chini ya paa lake hadi mwishoni mwa 1939, na kwao mgeni alitakiwa apige magoti na kujisalimisha kwa Mungu kwa sauti mbele ya wakongwe kabla ya kuhesabiwa mmoja wao. Waliotatizwa kwanza na utaratibu huo si wakanamungu, bali Wakatoliki. Walevi wa Cleveland waliosafiri kama kilomita 60 kwenda Akron kila juma waliambiwa na mapadri wao kwamba kuungama hadharani katika mkusanyiko wa Kiprotestanti hakuruhusiwi, na mwezi Mei 1939 Clarence Snyder aliwatoa huko akaanzisha kikundi chao Cleveland, cha kwanza kutumia jina la Alcoholics Anonymous, huku baadhi ya watu wa Akron wakimjia juu kwa kuvunja umoja. Kwa hiyo jina lenyewe la jumuiya lilianza kutumika katika tendo la kujitenga kwa sababu ya dini.

Wakati huo kitabu cha jumuiya kilikuwa kimetoka mwezi mmoja tu, Aprili 1939, baada ya mabishano makali. Wilson aliziandika hatua 12 mwishoni mwa 1938, na alipozisoma mbele ya wenzake wa New York walijitokeza watu wa pande tatu. Fitzhugh Mayo, mtoto wa kasisi, alitaka kitabu kiwe cha Kikristo waziwazi, kwa lugha ya Biblia na mafundisho yake. Hank Parkhurst na Jim Burwell walitaka Mungu apunguzwe au aondolewe kabisa, na mahali pake ziwekwe maelezo ya saikolojia ambayo mlevi yeyote angeyasoma bila kukimbia. Wengi walikaa katikati. Mapatano yaliyofikiwa ni kwamba hatua ya pili ingemzungumzia Mungu kwa jina la Nguvu iliyo kubwa kuliko mtu, na hatua ya tatu na ya 11 zingeongezewa kishazi kinachomwachia kila msomaji amwelewe Mungu kwa namna yake.

Mabadiliko hayo yanaweza kufuatwa karibu neno kwa neno, kwa sababu nakala ya kazi ya kitabu hicho imehifadhiwa, na mwaka 2018 iliuzwa mnadani kwa dola milioni 2.4. Ni nakala mojawapo ya zile zipatazo 400 zilizosambazwa mapema 1939 ili madaktari, viongozi wa dini na wanachama watoe maoni, na pambizo zake zimejaa maandishi ya penseli ya mikono mbalimbali. Katika nakala hizo hatua ya saba bado inamtaka mlevi apige magoti anapomwomba Mungu amwondolee mapungufu yake. Katika kitabu kilichochapishwa magoti yamefutwa. Daktari mmoja wa magonjwa ya akili wa New Jersey alishauri kwamba amri zinazomwambia msomaji la kufanya zigeuzwe kuwa simulizi ya waliokwisha kufanya, na ushauri huo ulikibadilisha kitabu sauti nzima, kikawa ushuhuda badala ya sheria. Kilichobaki bila kuguswa ni hesabu yenyewe: hatua sita kati ya 12 zinamtaja Mungu, au zinamwashiria kwa kiwakilishi au kwa jina la Nguvu. Sura iliyoandikwa kwa ajili ya wasio na uhakika na kuwepo kwa Mungu inawakaribisha kwa upole, lakini inawakaribisha kama watu walio njiani kuelekea kuamini, na atakayeisoma hadi mwisho bila kufika huko hakuandaliwa pa kukaa.

Burwell ndiye aliyelazimisha suala hilo litoke kwenye karatasi. Aliingia katika kikundi cha New York mwanzoni mwa 1938, akapinga kila sala kwa sauti kubwa, na wenzake walichoshwa naye kiasi cha kujadili kumtoa. Aliporudia pombe miezi michache baadaye, wapo walioona maneno yao yametimia. Hata hivyo alirudi, akaacha pombe moja kwa moja, na mwaka 1940 akakipeleka chama Philadelphia. Kisa chake, akifichwa kwa jina la Ed, kimo katika kitabu cha mwaka 1953 cha kufafanua hatua na desturi za AA, ambamo Wilson anakitumia kueleza desturi ya tatu, inayosema kwamba sharti pekee la uanachama ni nia ya kuacha kunywa. Desturi hizo 12 zilichapishwa mara ya kwanza Aprili 1946 katika Grapevine, jarida la wanachama, na kupitishwa Cleveland mwezi Julai 1950. Zinakipa kila kikundi uhuru wa kujiendesha isipokuwa pale mambo yake yanapogusa vikundi vingine au jumuiya nzima, zinawafanya viongozi kuwa watumishi wasio na amri, na hazimpi mtu yeyote uwezo wa kumfukuza mwingine. Katiba chache zimewahi kuwa na hofu ya madaraka kiasi hicho.

Wilson mwenyewe alilegea kadiri alivyozeeka, na jambo hili husahauliwa na wanaomtetea dhidi ya mabadiliko. Mwaka 1957, katika kitabu chake cha historia ya jumuiya, alisimulia bila kunung'unika kwamba Wabudha walitaka neno Mungu katika hatua libadilishwe liendane na imani yao, na akaona hakuna ubaya. Na Aprili 1961 aliandika katika Grapevine kwamba katika miaka yake ya mwanzo ukali wake wa kusukuma imani yake kwa wengine uliwadhuru wenye shaka, na huenda ulimnyima mtu msaada. Jumuiya haikulegea pamoja naye. Miaka mitano baada ya kifo chake, mkutano mkuu wa 1976 uliazimia kwamba badiliko lolote katika hatua au desturi litahitaji ridhaa ya maandishi ya robo tatu ya vikundi vya dunia nzima vitakavyojibu, sharti ambalo kwa kweli linafunga mlango wa mabadiliko.

Wakati huohuo hatua 12 zilikuwa zimetoka nje ya ulevi. Narcotics Anonymous ilizichukua mwaka 1953 kwa ajili ya watumiaji wa dawa za kulevya. Huko Sydney, mwaka 1957, ilianzishwa GROW, jumuiya ya watu waliopitia ugonjwa wa akili, iliyojengwa na watu waliokuwa wakihudhuria AA. Na mwaka 1971 Emotions Anonymous iliundwa Minnesota kwa ajili ya wenye sonona, wasiwasi na matatizo mengine ya hisia. Zanzibar, ambako tangu 2009 zimefunguliwa nyumba za upataji nafuu kwa waliokuwa wakitumia heroini, hatua hizohizo hufuatwa na Waislamu, na lugha yake ya kujisalimisha kwa nguvu iliyo juu ya mtu haikuwa ngeni kwao. Mfano huo unaonyesha kwamba kishazi cha mwaka 1938 kilifanya kazi vizuri sana pale kilipokutana na imani nyingine. Tatizo lake lilikuwa pale kilipokutana na mtu asiye na imani yoyote.

Nchini Marekani tatizo hilo lilifika mahakamani kwa sababu majaji na wakuu wa magereza walikuwa wamezoea kuwaamuru watu kuhudhuria AA. Mwaka 1996 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York iliamua kwamba gereza halikuwa na haki ya kumwekea mfungwa asiyeamini sharti la kuhudhuria programu yenye misingi ya AA ili aruhusiwe kukaa na familia yake inapomtembelea, kwa maelezo kwamba hatua hizo, zikisomwa zilivyo, ni za kidini. Mahakama za rufaa za shirikisho zilifuata mkondo huo, na mwaka 2007 moja yao ilimpa haki Mbudha aliyerudishwa gerezani kwa kukataa programu ya namna hiyo. AA haikuwa mshtakiwa katika kesi hizo, na wanachama wake wengi waliendelea kusema walichosema siku zote, kwamba jumuiya yao ni ya kiroho na si ya kidini. Maneno hayo yaliwasaidia kuwapokea watu wa dini zote, na inafaa yakumbukwe kwa ajili ya yaliyotokea Kanada baadaye.

Wasioamini wenyewe hawakuwa wamengoja mahakama. Chicago ilikuwa na kikundi cha AA cha wakanamungu na wenye shaka tangu 1975, Los Angeles tangu 1980 na New York tangu 1986. Wengine waliona hakuna sababu ya kung'ang'ania, wakatoka na kuunda jumuiya zisizo na hatua wala Mungu, kama ile ya James Christopher ya mwaka 1985. Toronto ilichelewa. Kikundi chake cha kwanza cha aina hiyo, Beyond Belief, kilianza Septemba 2009, kikafuatwa na kingine mwaka uliofuata, na vyote viwili vilitumia hatua zilizoandikwa upya bila kumtaja Mungu. Tarehe 31 Mei 2011 wajumbe wa ofisi inayoratibu vikundi vya AA katika jiji hilo walipiga kura ya kuviondoa katika orodha ya mikutano, katika kitabu kilichochapwa na kwenye tovuti pia.

Ili kuelewa uzito wa kura hiyo ni lazima kuelewa orodha yenyewe ni nini. Ofisi ya uratibu haina mamlaka juu ya kikundi chochote. Huendeshwa kwa michango ya vikundi, hupokea simu za walevi wanaoomba msaada, na hutunza orodha inayosema mikutano ipo wapi, siku gani na saa ngapi. Hospitali, vituo vya tiba na maofisa wa mahakama huwapa watu orodha hiyo. Mtu anayeacha pombe juma la kwanza, mikono ikimtetemeka, hajui kwamba kuna vikundi vya namna mbalimbali. Anakwenda kwenye anwani aliyoonyeshwa. Kikundi kisichoonyeshwa kinaweza kuendelea kukutana, kunywa chai yake na kusherehekea miaka ya wanachama wake bila pombe, lakini hakitampata mgeni isipokuwa kwa bahati, na kikundi cha kusaidiana kisichopata wageni huishia kuwa klabu ya wazee. Desturi zilikuwa zimekataza kumfukuza mtu, na hakuna mtu aliyefukuzwa. Zilikuwa hazikusema lolote juu ya kumficha.

Waliopiga kura ya kuondoa hawakuwa watu wa nia mbaya, na hoja yao haikuwa dhaifu kama wapinzani wao walivyoieleza. Walisema kwamba kikundi kina uhuru wa kufanya kitakacho ila si uhuru wa kuandika upya hatua 12 na bado kujiita AA, kwani hatua ndizo zinazoifanya jumuiya iwe moja, na mgeni anayesikia hatua tofauti katika kila chumba hatajua ameshika kipi. Waliopinga walijibu kwa desturi ya tatu na ile ya nne, ya uhuru wa kikundi kujiendesha, wakiongeza kwamba vikundi vingi vya Amerika ya Kaskazini hufunga mikutano kwa sala ya Baba Yetu, ambayo haimo katika hatua yoyote, na havijawahi kuondolewa orodhani kwa kuongeza dini. Ni kupunguza tu kunakoadhibiwa. Hoja hiyo ya pili haikupata jibu la kuridhisha, na inaonyesha wazi kuliko nyingine yoyote kwamba kilicholindwa hakikuwa maandishi peke yake. Jiji lenyewe lilifanya jambo hilo lichome zaidi, kwa kuwa ni Toronto, Julai 1965, ambako zaidi ya wanachama 10,000 waliitikia kwa pamoja tamko la kila mmoja kuchukua dhamana kwamba yeyote, popote, atakayenyoosha mkono kuomba msaada ataukuta mkono wa AA.

Walioondolewa walianzisha tovuti yao wenyewe mwezi uliofuata, na kikundi cha tatu kiliondolewa mwaka 2012. Mwaka 2014 mwanachama mmoja alipeleka malalamiko katika baraza la haki za binadamu la jimbo la Ontario, ambalo husikiliza mashauri ya ubaguzi, akidai kubaguliwa kwa msingi wa imani, neno ambalo katika sheria ya jimbo hilo linamlinda pia asiye na dini. Katika kujitetea ofisi ya uratibu iliegemea kifungu kinachoziruhusu jumuiya za kidini na za kiudugu kuwapokea watu wa aina yao tu. Utetezi huo ulikuwa na gharama yake, kwa kuwa ili ushinde ilibidi chombo kinachobeba jina la AA kikaribie kukiri kwamba kumwamini Mungu ni sharti la kuwemo, yaani kisimame karibu na yale mahakama za Marekani ziliyosema na wanachama wakayakanusha kwa miaka 20. Baraza lilitoa uamuzi wa awali Februari 2016, likiliacha shauri liendelee. Kabla halijafikia hukumu pande zilipatana, na mapema 2017 vikundi vikarudishwa orodhani. Kwa sababu hiyo swali la kisheria, kama jumuiya ya kusaidiana iliyo wazi kwa umma inaweza kudai imani kwa anayekuja kutibiwa nafsi yake, halikujibiwa.

Nje ya baraza mambo yalikwenda haraka kuliko ilivyotarajiwa. Wasioamini walifanya mkutano wao wa kwanza wa kimataifa Santa Monica mwaka 2014 na wa tatu Toronto kwenyewe mwaka 2018. Grapevine ilitoa toleo zima juu yao Oktoba 2016. Na mwaka 2018 mkutano mkuu wa AA wa Marekani na Kanada ulikubali kuchapisha kijitabu kwa ajili ya wanachama wasioamini, ambacho hata hivyo haukukiandika wenyewe bali ulikichukua kutoka AA ya Uingereza, kilikokuwa tayari kinatumika. Maandishi ya hatua 12 yamebaki kama yalivyochapishwa 1939, isipokuwa marekebisho madogo ya 1941 katika hatua ya mwisho, na uamuzi wa kuonyesha au kutoonyesha kikundi kinachozisoma kwa namna nyingine umebaki mikononi mwa wajumbe wa kila eneo, wanaoupigia kura katika mkutano wa kawaida wa mwezi.